Asumini Huchumwa Jioni

Kabla sijasalimu, tegeni sikio.

Mmesikia? Hiyo ni karatasi. Nimechana ukurasa wa gazeti la Jumatatu mbele ya kipaza sauti, na kijana wa mitambo huko ng'ambo ya kioo amenitolea macho kama vile nimemvunjia sahani ya mama mkwe wake. Tulia, mwanangu. Leo tunapamba nyumba.

Hamjambo wasikilizaji wangu. Wakubwa, shikamooni. Saa kumi na moja imepita kidogo, jua la Tanga bado lina hasira, na mimi nimepewa dakika zangu kama ishirini. Wiki mbili zijazo ni Krismasi. Jumapili hii watoto wa mtaani kwetu wanapata kipaimara, nyumba tatu zimefuatana zina sherehe, wala sijui nitakula wapi nisile wapi. Na Januari nina harusi ya mpwa wangu. Kwa hiyo kichwa changu chote kipo kwenye mikasi na nyuzi.

Nianze na kuungama. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa boksi. Mnalijua boksi ninalolisema, hata kwenu lipo, chini ya kitanda au juu ya kabati. Ndani yake mna yale manyoya ya plastiki yanayometameta, ya dhahabu na ya fedha, niliyoyanunua Kariakoo siku nilipokwenda Dar kwa shughuli nyingine. Kila Desemba nalivuta, nayakung'uta vumbi, nayatundika kwenye misumari ileile, na mwaka mpya ukishaingia yanarudi kulala. Kazi ya nusu saa. Naifanya peke yangu, watu wamelala.

Mwaka mmoja nikavuta boksi nikakuta panya kashaona nyumba. Kazaa humo. Vitoto sita, vyekundu, vimelala juu ya nyuzi za dhahabu kama wana wa mfalme. Ilikuwa tarehe 23, mfukoni nina nauli tu, maana ada za Januari zilikuwa zimeshanitolea meno. Nikatoka uani nikaita watoto wa jirani: nani anajua kukata karatasi?

Walikuja wanne. Nyuma yao akaja mama yao kuwatafuta, akakaa. Jirani wa pili alikuja kuomba chumvi, akapewa mkasi. Siku mbili nyumba yangu haikufungwa mlango. Na hapo ndipo nilipopata jambo ambalo nimekuja nalo leo: miaka yote ile hakuna aliyekuja kunisaidia kutundika plastiki, kwa sababu plastiki haihitaji msaada. Pambo la jani, la ua, la karatasi na uji wa unga, hilo halikai. Lazima lifanywe jana yake, na lazima mikono iwe mingi. Kwa hiyo linaita watu. Ndiyo sababu nalipenda, na wala sidai kwamba ni rahisi zaidi, maana mgongo uliniuma.

Sasa tushike kazi. Karatasi kwanza.

Mnatafuta karatasi ya rangi ya nini wakati mnayo ukutani? Kalenda. Nyumba gani ya Tanzania haina kalenda kubwa ya bure, yenye picha za mbuga na magari? Inakufa mwezi huu. Bakisheni ukurasa wa Desemba, kurasa kumi na moja zilizobaki ni zenu: nzito, zinang'aa, na zina rangi ambazo hata dukani hamzipati. Kalenda ikiwa ndogo, ongezeeni magamba ya madaftari yaliyokwisha.

Mnyororo wa pete kila mtu ameufanya shuleni, kwa hiyo nitasema hesabu tu, kwa kuwa kinachowashinda watu ni hesabu. Katikati ya kazi karatasi zinaisha, mnyororo unaishia hewani. Chukueni kipimo cha karatasi ya kawaida ya kuchapia. Mkikata vipande vyenye urefu wa sentimita 21, ambao ndio upana wa karatasi yenyewe, na kila kipande kiwe na upana wa sentimita 2 na nusu, karatasi moja inatoa vipande 11. Sebule ya mita 4 kwa 4, kutoka pembe hadi pembe ni karibu mita 5 na sentimita 70. Mnyororo haupendi kukazwa kama kamba ya kuanikia nguo, uacheni ulegee, semeni mita 6. Pete moja ikining'inia inakula kama sentimita 7. Basi mnahitaji pete 86 hivi, na karatasi 8 zinawapa 88. Mbili zilizozidi ni za mtoto mdogo kuliko wote, ambaye atazivaa mkononi.

Gundi msinunue. Vijiko viwili vya unga wa ngano, maji baridi kidogo, koroga mpaka mabonge yaishe. Mimina maji kikombe kimoja, injika kwenye moto mdogo, usiache kukoroga. Itaanza nyeupe kama uji wa mgonjwa, halafu itazidi kuwa nzito na kuanza kung'aa. Epua. Unga wa muhogo unafaa vilevile, mimi hata nauona unavuta zaidi. Ila gundi hiyo ni chakula, msisahau. Siku ya tatu inachacha, na panya wangu, Mungu amrehemu, angeifurahia kuliko dhahabu.

Kutoka hapo twende kwenye nyota, maana Krismasi bila nyota nje ya mlango ni sikukuu ya kufungiwa ndani. Hii inataka utulivu kidogo. Mwenye kalamu aishike.

Tafuteni vijiti vitano vilivyolingana, sentimita 50 kila kimoja. Mwanzi uliopasuliwa ni mzuri. Chelewa moja ni laini mno, lakini tatu zikifungwa pamoja zinasimama. Kwenye kila kijiti pimeni kutoka ncha moja: sentimita 19, tieni alama, sentimita 31, tieni alama ya pili. Halafu piga magoti uani, chora nyota mchangani bila kuinua kidole, kama tulivyokuwa tukichora nyuma ya daftari mwalimu akiwa ameugeukia ubao. Umeona? Ni mistari mitano. Kila mstari ni kijiti kimoja. Vilaze juu ya mchoro wako, ncha kwa ncha, kisha utaona vijiti vinapishana palepale ulipotia alama. Funga hapo kwa uzi wa katani, funga na ncha zote. Jumla ni mafundo kumi. Ukiinua, nyota nzima inakuja mkononi.

Kwa nini 19 na 31? Gawanya 50 kwa 31, halafu gawanya 31 kwa 19. Majibu yote mawili yanakaribia 1.6. Nyota ya ncha tano haikubali kipimo kingine. Ukikosea, pembe moja inanenepa na nyingine inakonda, na watoto watakucheka.

Juu yake bandikeni zile karatasi nyepesi za kutengenezea tiara, au kishada kama wanavyosema ndugu zetu wa Unguja. Ndani msitie mshumaa. Nasema tena, msitie mshumaa. Tochi ndogo ya betri inatosha, na inaonekana mbali.

Na kama mna mtoto anayelia kwamba hesabu haina faida, mpeni habari hii. Kule Ujerumani, kwenye mji mdogo wa Niesky, Wamoravian walikuwa na shule ya wavulana. Miaka ya 1830 wanafunzi pale walitengeneza nyota ya karatasi yenye ncha nyingi, nayo ilikuwa somo la jiometri. Umbo lake linalojulikana zaidi leo lina ncha 25: kumi na saba zimesimama juu ya kitako cha mraba, nane juu ya pembetatu. Mahali pa ncha ya 26 huachwa wazi, ndipo panapotundikiwa. Kanisa hilohilo la Moravian ndilo lililofika Rungwe mwaka 1891. Somo la darasani likatoka nje likaning'inia barazani. Mwalimu wangu wa hesabu angenifundisha hivyo, pengine nisingekuwa mtangazaji.

Maputo nitayapita. Sina ugomvi nayo, ila mapafu yangu yanao.

Tuje kwenye kuti, na hapa niwieni radhi, nitakaa.

Mtu wa pwani ukimwambia apambe lango, macho yake yanapanda juu ya mnazi kabla hujamaliza kusema. Lakini sikilizeni, msimtume mkwezi akakate yale majani ya kileleni, ya njano, yasiyofunguka bado. Ni mazuri, ndiyo, na ni laini kama hariri. Mnazi una kilele kimoja tu, hauchipui pembeni. Ukiuharibu pale juu umeuua, na nazi za mjukuu wako umezitundika getini kwa siku mbili. Mnazi wenye afya unatoa kuti jipya karibu kila mwezi, na la zamani linazeeka chini. Chukueni yale ya chini ambayo bado yana kijani. Hayo mti umeshayasamehe.

Kuti likishuka, pasueni upongoo katikati, kuanzia nchani kuelekea kitako, mpate nusu mbili, kila nusu ina majani upande mmoja. Nusu moja ifungwe nguzo ya kulia, nyingine ya kushoto, ncha zikutane juu. Upongoo uliopasuliwa unakubali kupinda, ule mzima unagoma. Majani yananing'inia kuelekea ndani ya lango. Sasa yafanyeni mtakavyo: yapo ya kusokota, yapo ya kukunja katikati na kuchomeka, yapo ya kuacha yacheze na upepo. Katikati pachikeni bogenvilia, ile ya zambarau, maana kijani na zambarau havijawahi kugombana.

Mwaka mmoja nilijifanya hodari. Nikakatisha makuti asubuhi na mapema, nikayaacha juani nikaenda sokoni, nirudi nipambe kwa raha. Nilirudi saa tisa. Majani yalikuwa yamejikunja yote kama vidole vya mtu anayekataa kukulipa. Tangu hapo kuti langu linakaa kivulini chini ya gunia lililoloweshwa, na linapanda langoni jioni ya kuamkia sherehe. Siku ya kwanza ni kijani, siku ya pili linafifia, siku ya tatu ni rangi ya mchanga. Wageni wameshaondoka, nalo limemaliza zamu.

Watoto wasifukuzwe hapo. Majani yanayobaki ndiyo ya kwao. Mtoto wa pwani bado anajua kusuka saa ya mkono kwa ukuti, miwani, na feni ya kuchomeka kwenye kijiti na kukimbia nayo. Mtu mzima asiyekumbuka aulize, asione haya. Mimi nilifundishwa tena na binti wa miaka saba, na alinisema kwa polepole yangu.

Sherehe ikiisha, msilitupe kuti. Vuteni chelewa kutoka kwenye majani, mfunge pamoja. Mna ufagio. Pambo lililokaribisha wageni ndilo litakalofagia maganda ya karanga waliyoyaacha, na upongoo uende jikoni ukawashe moto.

Mti wa Krismasi je? Nairobi Desemba hii utawakuta wauzaji kando ya barabara na matawi ya saiprasi. Kwetu pwani ni mvinje. Ukiwa na upepo wa bahari nyuma yake unalia hata ndani ya sebule. Ila mimi mwaka huu nina wazo jingine, na nimeshaambiwa nyumbani kwamba nimechanganyikiwa. Mkonge.

Tanga hii ni mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikapita Hamburg, na ilipofika huku mwaka 1893 iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba yote haya mnayoyapita mkienda Korogwe. Sasa, mkonge hukaa miaka, kisha siku moja unatoa mlingoti katikati, mrefu kuliko nyumba, unachanua mara moja tu maishani, halafu unakufa. Ule mlingoti ukikauka unakuwa mwepesi, mtoto anaubeba begani. Na juu una matawi yaliyokaa kwa mpangilio, kama kinara cha mishumaa. Kata mita mbili za juu, kwa ruhusa ya mwenye shamba, usimamishe kwenye ndoo ya mchanga. Mti huo! Tundika nyota ndogo, vifundo vya katani iliyotiwa rangi, maganda makavu ya mkrismasi, yale marefu ya kahawia yanayocheza kayamba mtoto akiyagusa.

Na pamba mnayoipachika juu ya matawi mkisema ni theluji, huku feni imewekwa namba tatu na jasho linawatoka, mimi sikatazi. Nilikuwa nikiicheka zamani. Baadaye nikawaza: theluji ya kweli tunayo juu ya Kilimanjaro, na pamba inalimwa Shinyanga na Simiyu. Basi tusiseme tumeiga Ulaya, tuseme tumeleta Usukuma sebuleni.

Kuhusu kitambaa cha nyuma ya viti vya wenye sherehe, kanga inatosha. Doti mbili au tatu zinazofanana, zikunjwe marinda, zibanwe kwa pini kwenye kamba. Msipige misumari, maana kesho mwenyewe anaitaka. Lakini someni jina! Nimewahi kukaa kwenye sherehe, bibi harusi ametulia kwenye kiti, na juu ya kichwa chake kanga inamsema wifi mtu waziwazi, herufi kubwa, upande wa kamera. Aliyeitundika alisema aliangalia rangi tu. Labda.

Kijana wa mitambo ananionyesha vidole. Vitano. Sawa, basi nimebakiza kile kilichonitoa nyumbani.

Marehemu shangazi yangu wa Ngamiani alikuwa hajali sana ukutani pana nini. Alikuwa akisema nyumba inapambwa pua kwanza. Mgeni awe bado kwenye kona ya barabara, hajaona taa wala hajasikia ngoma, ajue hapa pana harusi. Chetezo cha udi kilikuwa chake, hakuna aliyekigusa. Na vikuba alikuwa akivitengeneza mwenyewe, usiku, amekaa mkekani, sisi wasichana tumemzunguka tukimpa maua moja moja.

Kikuba hakina siri. Jani la mrehani linatangulia, ndilo mto wa kulalia. Juu yake asumini zilizotungwa kwa sindano na uzi, uzi upite kwenye kile kikonyo chembamba cha ua, siyo kwenye uso wake. Ukiwa na langilangi weka moja, mbili zinapiga kelele. Waridi dogo katikati. Unafunga kwa uzi mweupe, unakilaza ndani ya jani la mgomba, unakinyunyizia maji kwa ncha za vidole. Asubuhi kinabanwa kwenye kifua, au kwenye nywele, na aliyekivaa akipita, watu wanageuka bila kujua wamegeuka.

Shughuli iko kwenye kuchuma. Asumini ukiikuta imefunguka umechelewa, kinachobaki ni harufu ya saa chache na rangi ya kahawia kabla ya adhuhuri. Inachumwa ikiwa tumba, imevimba, nyeupe pe, siyo ya kijani, na haijafungua mdomo. Inafunguka usiku, mikononi mwenu, ikishatungwa. Mimi nilipigwa kofi la mkono mara nyingi kwa kuchuma zilizofunguka, kwa vile ndizo nilizoziona haraka. Shangazi alikuwa haangalii hata. Alikuwa akipapasa tu majani kwa vidole, na kila alichokitoa kilikuwa sawa.

Redio imejifunza mengi, lakini kusafirisha harufu bado. Kwa hiyo sehemu hii nawaachia wenyewe. Mwenye kipaimara Jumapili aanze kesho kutwa. Lakini mwenye shughuli kesho, na najua mpo, maana mmenipigia simu, sasa ni saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Matumba yameshavimba. Jua likizama yanaanza kufunguka. Chukua kisahani, chukua kitambaa kibichi cha kufunikia, nenda nao watoto, washike matawi ya juu. Redio iacheni ikiwaka. Taarifa ya habari mtaisikia mkiwa uani.